Kibuyu Kisichooshwa kwa Maji Moto

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alikuja kuniona hapa Ruring'u akiwa amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Yeye anakaa Skuta na anafanya kazi katika ofisi moja mjini Nyeri. Kila akija huleta chakula, kwa kuwa anaamini mtu wa umri wangu akiachwa peke yake atakunywa chai tupu mpaka afe. Hajakosea sana. Safari hii alileta steki, na si zile nono za watu wa hoteli. Alinunua zile za bei ya chini, za ng'ombe aliyetembea sana hapa duniani, na nilipoziona nikajua meno yangu yaliyobaki hayana kazi hapo.

"Onja tu, shosho," akaniambia. "Nimeziloweka tangu jana."

Nikaonja ili nisimvunje moyo. Nyama ikakatika bila ugomvi. Nyuma ya chumvi kulikuwa na uchachu mdogo, na haukuwa wa siki wala wa ndimu. Ulikuwa uchachu wa uji. Nikaweka uma chini.

"Nani amekufundisha hii?"

"Rafiki yangu wa kazini. Kwao ni huko magharibi. Alinipa uji ya nyanya yake kwa chupa, ati niwe naongeza tu, nisiwahi kumaliza."

Nisiwahi kumaliza. Rafiki yangu unayesoma, mimi nimezika mume na ndugu wawili, nimeacha hasira nyingi njiani kwa sababu zilikuwa nzito kubeba. Lakini niliposikia maneno hayo, kitu cha kwanza kuamka ndani yangu hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu. Ni wivu uleule wa utotoni, mzima kabisa, kama vile ulikuwa umekaa nyuma ya mlango miaka yote ukinisubiri niutaje.

Ngoja nikueleze ulikotoka.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, nilikuwa msichana wa miaka minane hivi. Nyumba zetu za zamani zilichomwa, tukakusanywa na watu wengine wengi katika kijiji kimoja cha nyumba za udongo, zimepangwa mistari kama watoto wa shule. Kijiji kilizungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na lango lilikuwa moja tu. Asubuhi ukiamka uliuona Mlima upande mmoja, mweupe na mtulivu, na upande wa pili mnara wa askari. Baba alikuwa amechukuliwa kwa lori na hakuna aliyejua yuko kambi gani. Mama, firimbi ilipolia asubuhi, alitoka na jembe kwenda kazi ya lazima ya kuchimba mitaro, akarudi alasiri hata kuongea hawezi. Kwa hiyo mtu niliyekuwa naye mchana kutwa alikuwa nyanya yangu, mama ya baba, ambaye sisi tulimwita cucu.

Naye alikuwa wangu kwa haki. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na hapewi jina tu. Huhesabiwa kuwa ni yule bibi mwenyewe amerudi akiwa mdogo. Cucu aliponiita jina letu alikuwa kama anayejiita, akacheka kidogo kila mara. Binamu zangu walikuwa na mama zao na baadhi walikuwa na viatu. Mimi nilikuwa na jina. Nililishika kwa mikono miwili.

Pamoja na jina kulikuwa na kibuyu. Siku nyumba zilipochomwa tulipewa muda mfupi wa kuokoa vitu. Watu walitoa mbuzi, vitanda, magunia ya mahindi. Cucu alitoka na kibuyu cha uji kifuani. Mama akalia kwa uchungu: blanketi zinateketea na wewe umebeba uji! Cucu akajibu, "Blanketi itanunuliwa. Huyu atanunuliwa wapi?"

Alisema kweli. Uji wa cucu ulikuwa wa wimbi, yaani ulezi, na mahindi, uliochachuka mpaka ukauma pembe za taya. Kibuyu chake hakikuwahi kuoshwa kwa maji moto. Kilisuuzwa kwa maji baridi, mara moja, na ndani kukaachwa uji kidogo wa jana ili uchachushe wa leo. Ule wa jana ulikuwa umechachushwa na wa juzi, na kadhalika, kurudi nyuma mpaka kwa mama yake cucu na mama wa mama yake. Kilikaa karibu na jiko, kimevikwa gunia. Asubuhi kilitikiswa, na kazi hiyo ya kutikisa ilikuwa yangu. Cucu alikuwa ameniambia wazi kwamba siku akiondoka duniani kibuyu kitakuwa changu.

Sasa basi. Nyuma ya kijiji, karibu na lango, kulikuwa na nyumba za mabati za askari polisi, na wengi wao walitoka mbali, magharibi. Siku moja tukiwa tumekaa nje cucu akichambua maharagwe, alikuja msichana wa rika langu, mrefu, amevaa sweta ya kijani isiyo na shimo hata moja. Niliikagua nikitafuta. Alikuwa binti wa askari mmoja. Alikuwa ametumwa na mama yake mjamzito.

"Shikamoo, nyanya. Mama anaomba magadi kama uko nayo. Nyama imekataa kuiva. Iko kwa moto tangu asubuhi."

Askari walipewa nyama mwisho wa wiki, nayo ilikuwa shingo na miguu ya maksai waliochoka kulima. Cucu Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno nyama alilijua vizuri sana. Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika.

"Magadi hapana. Ng'ombe mzee ni kama mzee wa watu, hapana pigana na yeye na moto. Bembeleza. Jumamosi wewe leta nyama mbichi."

Mimi nilitafsiri pale Kiswahili kilipomshinda cucu, na ndiyo maana najilaumu zaidi: mlango niliufungua kwa ulimi wangu mwenyewe.

Jumamosi akaja na nyama kwenye karai. Cucu akamwonyesha kila kitu. Kwanza alikata vipande vinene kiasi cha kidole gumba, akikata nyuzi za nyama kwa kuzipitia katikati, si kuzifuata. "Ukifuata nyuzi, meno itafuata nyuzi pia mpaka jioni," alisema. Akavipiga kwa mchi polepole, akavipaka chumvi, akavipanga chunguni na kuvimiminia uji mchachu mpaka vikazama. Juu akafunika jani la mgomba na kuweka jiwe. Chungu kikalala pembeni pa baridi. Jumapili baada ya kanisa tulivitoa, tukavikung'uta uji, cucu akaviweka juu ya makaa ya miti iitwayo miwati. Harufu yake, rafiki yangu! Uji uliobaki juu ya nyama uliungua ukawa ganda jembamba la kahawia, na ndani nyama ilikuwa laini kama ya ndama. Cucu aliitafuna kwa ufizi, macho yamefungwa.

Mama yake yule msichana alituma salamu na kusema sehemu ya nyama ibaki kwetu. Ikawa hivyo kila wiki. Majirani walianza kunong'ona kwamba kwa cucu kunaliwa nyama ya serikali, lakini wale wale walipitisha watoto wao karibu na moto wetu kana kwamba wamepotea njia. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi huyo mwenyeji niliona anapona kila mtu isipokuwa mimi.

Usidhani nilisusa kula. Nilikula sana, maana njaa ya kijiji kile haikuwa ya mchezo. Nilikula nyama yake kwa meno yote na kumchukia kwa moyo wote, na sikuona ugumu wowote wa kufanya yote mawili. Nilichukia jinsi alivyojua kukunja miguu akikaa. Nilichukia jinsi alivyouliza maswali, kwa sababu cucu alipenda maswali na mimi sikuwa nimewahi kufikiria kuuliza. Nilidhani kilicho changu hakihitaji kuulizwa. Jumamosi moja nilitoka kuteka maji, na niliporudi nikamkuta amepakata kibuyu, anakitikisa. Cucu alikuwa anamshika mikono kumwonyesha mwendo wake. Nikatua mtungi kwa nguvu, maji yakaruka, hakuna aliyegeuka.

Lakini hilo si jambo lililonimaliza. Jina la msichana yule lilikuwa gumu kwa cucu. Alikuwa amelijaribu wiki nyingi, kila mara linatoka kinywani limevunjika mahali papya. Siku hiyo akachoka kulijaribu. Akamtazama, akamtazama tena, akasema kwa Kikuyu, polepole, kana kwamba anapanga kitu rafuni: "Huyu naye ni mimi." Kisha akamwita kwa jina langu.

Msichana akaitika! Hakusita hata kidogo. Na mimi, niliyekuwa mlangoni, niliitika pia. Sauti zetu zikatoka pamoja, na wao wawili wakacheka. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, nikang'oa nyasi za paa moja moja. Kama angempa sweta yangu ningelia na kunyamaza. Kama angempa sehemu yangu ya nyama ningepigana. Lakini jina? Nilikuwa na kitu gani kingine?

Ijumaa iliyofuata cucu aliitwa langoni pamoja na wazee wengine kukaguliwa vipande vyao vya utambulisho. Nikabaki peke yangu na kibuyu. Nilikuwa nimeshapanga. Nilijua nyama ya kesho yake isipopata uji itakuwa ngumu, na nikawaza kwamba ikiwa ngumu, binti wa askari ataaibika kwa mama yake, naye hatarudi. Hesabu yangu iliishia hapo. Nikachemsha maji. Nikamwaga uji wote kwa kuku wa jirani, nikatia kibuyuni maji yanayotokota, majivu na changarawe, nikakitikisa mpaka mabega yakauma. Nikamwaga, nikarudia mara ya pili. Kisha nikakianika juani mdomo wazi. Sijawahi kuosha kitu vizuri namna ile, kabla wala baada.

Cucu aliporudi alikiona kabla hajaniona mimi. Akakiinua, akatia pua.

"Umekiosha?"

"Nimekusaidia kazi, cucu. Kilikuwa kichafu."

Wahenga husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimeshika nguo yake kwa mkono mmoja nilipokuwa nikisema uongo ule. Akakaa chini kwenye vumbi, yeye ambaye hakuwahi kukaa bila kigoda, akakiweka kibuyu mapajani. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimefikiria nyama ya kesho tu. Sikumfikiria mama yake cucu, wala mama wa mama yake. Kitu pekee alichokitoa katika nyumba yake nilikuwa nimekimwagia kuku.

Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Alisema tu, si kwangu hasa, "Moto ulimkosa. Kumbe atauawa na maji."

Jumamosi msichana akaja na karai lake. Cucu akamwambia arudi nalo nyumbani. "Leo hapana uji. Imekufa."

Msichana akatazama kibuyu, akanitazama mimi. Sijui aliona nini. Akaweka karai chini, akageuka akakimbia kuelekea nyumba za askari. Nikafikiri ameenda kusema kwa baba yake, na baba yake ana bunduki, na mama yangu yuko mtaroni mikononi mwa watu wa bunduki. Nikaanza kuomba Mungu kwa haraka, bila mpangilio.

Alirudi anatembea polepole, ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili, amekifunika kwa sahani.

"Ni ile ulimpatia mama, nyanya," akasema akihema. "Wakati alikuwa anatapika chakula yote. Hamalizi. Anaacha kidogo, anaongeza, vile ulisema."

Kwa hiyo cucu alikuwa amegawa. Bila mimi kujua, uji wetu ulikuwa umekaa wiki nyingi chini ya bati la askari, unaongezwa na kuongezwa. Ungetarajia nishukuru. Nitakuambia ukweli kwa kuwa hakuna wa kunichapa sasa: hata katika nafuu ile, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa kuibiwa tena.

Cucu akaupokea uji kwa mikono miwili, akaumimina kibuyuni mpaka tone la mwisho. Akaniambia nimshukuru mwenzangu. Nikasema asante kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, makusudi, ili asielewe. Akanijibu kwa Kikuyu. Alikuwa amekijifunza lini?

Kesho yake nyama ilipoiva, cucu alichukua kipande cha kwanza, kizuri kuliko vyote, akakiweka juu ya ubao. Nikajua ni changu au ni chake, na nikajiandaa kwa chochote. Akakikata katikati, akitazama sana sehemu zisizidiane, akampa kila mmoja wetu nusu yake. "Jina moja, nyama moja," akasema. Nilipima ile ya mwenzangu kwa macho kabla sijaweka yangu mdomoni. Zilikuwa sawa kabisa, na hata hivyo sikuridhika.

Baada ya miezi michache, mama yake akiwa na mtoto mchanga, baba yake akahamishwa kituo. Walipanda lori asubuhi, mbele ya lango. Msichana alikaa juu ya masanduku, ndani ya sweta ya kijani ambayo sasa ilikuwa na shimo kwenye kiwiko, na mapajani alikuwa na kibuyu kidogo ambacho cucu alimkatia na kumtilia uji. Lori lilipoanza kunguruma akanyanyua mkono na kuita. Aliita jina langu. Yaani lake. Yaani letu. Aliita mara mbili, akinitazama mimi, si cucu.

Sikuitika. Nilijua ananiita, na nikafunga mdomo nikatazama magurudumu. Nilikuwa nimeshinda, unaona. Alikuwa anaondoka na mimi nilikuwa nabaki.

Ushindi wenyewe haukuwa na ladha. Tangu siku hiyo, cucu alipoita jina letu nilikuja mbio, naye alinipokea kwa kicheko kilekile, lakini macho yake yalipita begani kwangu kidogo, kuona kama kuna mwingine anayekuja nyuma. Aliendelea hivyo mpaka uzee ulipompofusha. Nyama tuliipata mara chache, maana askari waliofuata hawakuwa na watoto. Emajensi ikaisha, baba akarudi amekonda na mkimya, kijiji kikavunjwa na kila mtu akaenda kwenye shamba lake. Handaki lile leo limejaa viazi. Ukipita pale huwezi kujua.

Cucu alipofariki kibuyu kilikuja kwangu kama alivyoahidi. Nilikitunza, nakuapia, miaka kadhaa. Kisha nikaolewa mjini, mkate na chai vikawa ndivyo kifungua kinywa cha watu wa maana, mume wangu akasema uji ule unanusa, nami nikaanza kukisahau siku moja, siku mbili. Siku moja nikafungua nikakuta pamekauka, pana ganda jeusi tu linalong'oka kwa ukucha. Nikakifuta vumbi na kukitundika ukutani. Wageni hukisifu. Nilipigania kitu kile mpaka nikamvunja moyo cucu, na nilipokipata kikanifia mikononi bila mtu yeyote kukimwagia maji moto.

Haya yote yalipita kichwani mwangu Jumapili hiyo, nyama ikipoa kwenye sahani, mjukuu akinitazama kwa wasiwasi.

"Huyo rafiki yako," nikamuuliza, "anaitwa nani?"

Akacheka. "Hiyo ndiyo maajabu, shosho. Mtu wa huko kabisa, hata Kikuyu hajui, lakini ako na jina yako. Ati ni ya nyanya yake. Mimi humwambia ameiba."

"Nyanya yake yupo?"

"Walimzika mwaka jana. Uji ndiyo aliwaachia. Alikuwa mkali nayo, hata akienda hospitali lazima mtu abaki wa kuongeza."

Nitasema yalivyokuwa. Nilimwonea wivu, hapo hapo, yeye akiwa kaburini na mimi nikiwa na nyama mdomoni. Alipewa kidogo akakiweka hai maisha yake yote. Mimi nilipewa chote. Halafu nikalisikia lori lile likinguruma, na ile sauti ikiita mara mbili, na nikaona kwamba kuna jina moja katika maisha yangu ambalo sitapata tena nafasi ya kuliitikia. Mjukuu akaniuliza kama ni pilipili. Nikamwambia ndiyo, ni pilipili.

"Jumapili ijayo uje na yeye," nikasema. "Aje na ile chupa."

Nikapanda juu ya kiti, nikakitoa kibuyu ukutani. Mjukuu akaona nimekipeleka kwenye sinki, akainuka haraka kuchukua birika. "Ngoja, shosho, nikuchemshie maji. Hiyo kitu imekaa na vumbi miaka mingapi?"

Nikamwambia arudishe birika. Nikafungua mfereji, nikakisuuza mwenyewe kwa maji baridi, mara moja.